Ng'ombe wa Bahari ya Kaskazini

Pale Skarwick, kijiji cha pwani ya Uingereza, ukimwuliza mtu yeyote Arnold Verrill ni nani, atacheka kwanza ndipo akujibu. Alikuwa dereva wa basi la Whitby mpaka alipostaafu, na abiria wake walikuwa wakisema basi lile lilikwenda nusu kwa mafuta na nusu kwa uongo. Ndiye aliyesimulia kwamba alipasua jiwe akakuta ndani samaki wa enzi ya Jura, miaka milioni mia na zaidi iliyopita, angali mbichi, akamkaanga, akamla na viazi, kisha akalalamika kuwa chumvi ilizidi. Ndiye aliyechonga utaya kwa plasta, akaupandikiza meno ya mbwa wa jirani aliyejifia kwa uzee, akaufukia ufukweni kwenye njia anayopita Clement Storr, mwenyekiti wa Chama cha Wasaka Visukuku, yaani mabaki ya viumbe vya kale yaliyogeuka mawe. Clement aliupima utaya ule Jumamosi nzima, akauandikia na hotuba. Alipofika kwenye neno "adimu", mbele ya wanachama wote, Arnold alishindwa kujizuia. Akabweka.

Hapo ndipo Clement alipoapa kutomwamini tena, hata akimwambia maji yanalowesha.

Lakini mwongo naye ana haja yake ya kweli, na haja ya Arnold ilikuwa kichwa. Amonaiti alikuwa nazo za kujaza bafu na kumwagikia ngazini, yale makombe ya mawe yaliyojiviringa kama pembe za kondoo. Vipande vya mbavu alikuwa navyo, na pingili za uti wa mgongo alizozuilia karatasi. Kichwa cha mnyama hakuwahi kukipata. Na katika jumba dogo la makumbusho la kijiji, chini ya kila kichwa palikuwa na kadi, na juu ya kadi neno "Mgunduzi", na mbele ya neno hilo, kadi baada ya kadi, Clement Storr, Clement Storr, Clement Storr, utadhani ndiye aliyewazaa wanyama wale.

Kanuni ya chama ilikuwa moja, na kila mwanachama aliijua kama sala: mgunduzi ni yule aliyekiona kitu akajua kuwa ni kisukuku. Kukanyaga hakuhesabiki. Hata shakwe hukanyaga.

Basi ikaja dhoruba ya mwezi wa pili, ile iliyong'oa mapaa ya vibanda na kuwapeleka kondoo wa Bwana Thackray, mfugaji wa kondoo na ng'ombe, katika parokia nyingine bila nauli. Asubuhi yake Arnold alishuka ufukweni maji yakiwa yamekupwa, akakuta mchanga wote umefagiliwa. Mwamba mweusi ulikuwa uchi kama siku ulipoumbwa. Na karibu na mwisho wa mwamba, juu ya bamba lililokwisha kupasuka pande zote na kulegea, akaona msumari. Akaona msumari mwingine kando yake. Akapiga magoti. Haikuwa misumari.

Yalikuwa meno, meusi, yanang'aa kama yamepigwa rangi ya viatu asubuhi ile ile. Yalipangana juu ya mdomo mwembamba mrefu, mrefu, unaokwenda mpaka ukaingia chini ya matope, na pale matope yalipovimba, Mungu wangu, palikuwa na duara la jicho. Mjusi-samaki, alijiambia, yule mtambaazi wa bahari za kale aliyefanana na pomboo.

Arnold alicheza ngoma ambayo haina jina. Aliimba. Alimpa mkono shakwe aliyekuwa karibu, au angalau ndivyo alivyosema baadaye. Kisha akajaribu kulisogeza lile bamba, na bamba likamcheka. Hata wanaume wawili wasingeliweza. Na upepo ulikuwa ungali wa kaskazini, mawimbi yakivunjikia ukingo wa mwamba kwa hasira. Maji yakijaa mara moja tu, bamba lile lingesambaratika kama biskuti kwenye chai, na kichwa kingekuwa changarawe.

Akapanda mteremko wa kushushia mashua mbio, mpaka kwenye kibanda cha chai cha dada yake, Doreen.

"Doreen! Kichwa! Mjusi-samaki, na jicho lake, na meno yake!"

"Kunywa maji kwanza," alisema Doreen, akigeuza nyama kwenye kikaango. "Umekuwa mwekundu kama kaa."

"Nahitaji watu. Nahitaji mitaimbo ya chama, na ule ubao wa kuburutia. Vyote viko kwa Clement."

"Basi mpigie Clement. Nami nisikie, maana leo bado sijacheka."

Arnold akapiga, akaiweka simu juu ya kaunta, spika wazi. Sauti ya Clement ikajaa kibanda kizima.

"Arnold. Leo ni mbwa wa nani?"

"Si mbwa, Mwenyekiti! Mjusi-samaki, kichwa kizima, kwenye bamba lililolegea. Nimekutumia picha, itazame!"

Clement akaifungua picha. "Picha nzuri. Meno yanang'aa. Umetumia rangi ya viatu ya kampuni gani?"

"Clement, naapa kwa kaburi la mama!"

"Kaburi la mama yako umeliapia kwa yule samaki wa kukaanga. Mwache marehemu apumzike, na mimi pia. Niko kitandani." Simu ikakatwa.

Arnold akabaki ameitazama ile simu kama mtu aliyetapeliwa na mwanawe. Doreen, ambaye kwa kweli alikuwa amecheka, akaacha.

"Ni kweli safari hii?"

"Ni kweli."

"Pole, kaka. Basi ndiyo malipo yako." Akamsogezea mkate wa nyama, lakini Arnold hakuugusa, na hilo lilimshtua dada mtu kuliko viapo vyote. "Wale watu wako nao ni wa ajabu," akaendelea. "Ukiwaita kwa jambo jema hawatoki. Lakini juzi mgeni mmoja kasimama hapo hapo kaiita amonaiti konokono. Nusu ya wanachama waliacha chai ipoe, wakamkimbilia kumsahihisha. Yule Beryl Harker alimfuata mpaka kwenye gari lake."

Arnold aliinua kichwa taratibu. Doreen aliyajua yale macho tangu utotoni; aliyaona siku kasisi alipokalia ute wa yai.

"Arnold. Unafikiria nini?"

Arnold alikwisha kuichukua simu kutoka kaunta. Alikuwa anaandika kwenye kundi la simu la chama, ulimi nje kama mtoto wa shule. Maneno yake yalikuwa haya: "Wapendwa wenzangu, salaam. Nimekuta mzoga wa ng'ombe umeganda mwambani, nadhani ni wa Thackray. Uso mrefu kidogo, lakini ng'ombe wake wote wana sura hiyo. Naenda kuupasua kwa nyundo kubwa. Kipande kimoja nitazuilia mlango wa choo." Akaambatanisha picha, akahakikisha meno yanaonekana vizuri.

"Hawatakuamini," alisema Doreen.

"Wataniamini. Mwongo huongeza, dada. Umepata kumwona mwongo anayepunguza?"

Simu ikaanza kulia kabla hajaifikisha mfukoni. USIGUSE. Arnold weka nyundo chini. Ng'ombe gani ana meno kama hayo, wewe baradhuli? ARNOLD USIGUSE! Mwingine akamwita mhalifu wa sayansi. Mwingine akamwomba kwa jina la malkia aliyekwisha kufa. Milango ya kijiji ilisikika ikibamizwa mmoja baada ya mwingine mlima mzima, na watu wakateremka kama viazi vilivyomwagika kutoka kwenye gunia, mpaka ufukweni alikokwisha kurudi Arnold. Beryl Harker, bingwa wa meno, alikuja na slipa za nyumbani. Clement Storr alikuja na koti juu ya pajama, ubao wa kuburutia mgongoni, mitaimbo kwapani, akihema kama treni ya zamani.

"Mzoga wako uko wapi?" alifoka. "Umeupiga? Sema hujaupiga!"

"Bado, Mwenyekiti. Nilikuwa natafuta pa kuanzia."

"Toka hapo! Toka!"

Wakaukuta mdomo ule mwembamba, na kelele zote zikakatika. Mtu mmoja akavua kofia. Beryl akalala kifudifudi kwenye matope na kioo chake cha kukuzia.

"Mjusi-samaki," alisema, na sauti yake ikapanda. "Jamani, mjusi-samaki!"

"Ngoja," alisema Clement. Naye akalala upande wa pili, pajama lake likinywa maji ya bahari. "Beryl, tazama mizizi. Mjusi-samaki meno yake yamepangwa kwenye mtaro mmoja, kama abiria kwenye benchi. Haya kila jino lina shimo lake. Moja, shimo. Moja, shimo."

"Wee!"

"Safisha hapa nyuma ya jicho. Polepole. Kwa kidole." Matope yakatoka. Likatokea tundu kubwa kwenye mfupa, na kando yake jingine, pacha wake, kama madirisha mawili ya kanisa. Clement alikaa kitako majini bila kujua kuwa amekaa majini. "Mamba," alisema. "Mamba wa baharini. Wa Jura."

"MAMBA!" Beryl alipiga kelele mpaka majabali ya pwani yakaitika.

Na Arnold? Mamba! Mijusi-samaki pwani ile hupatikana, ukiomba sana. Mamba ni bahati ya kizazi. Alitaka kuwakumbatia wote, alitaka kucheza tena ile ngoma isiyo na jina. Badala yake akakuna kisogo, akauliza kwa upole, "Yaani si ng'ombe?"

Walimzomea kwa furaha. Hakuna kitu kitamu kwa msaka visukuku kama mtu aliyekosea kuliko yeye.

Lakini bahari haikuwa na muda wa mzaha. Wimbi la kwanza likaja likalamba bamba, likarudi na kipande cha pembeni. Hapo wakafanya kazi kama wezi. Mitaimbo chini, turubai juu, kamba mara mbili kuzunguka, haya, inua, mguu wangu, inua hivyo hivyo, na bamba likapanda juu ya ubao. Wakashika kamba, wanaume kwa wanawake, wakavuta juu ya mwamba unaoteleza, Beryl akiwa na slipa moja tu, nyingine ikiwa safarini kwenda Norwe. Arnold alivuta mbele kabisa. Maji yaliwafuata nyuma hatua kwa hatua, kama mdai.

Walipofika chini ya mteremko wakasimama kupumua, na Clement, kwa furaha tu na bila ubaya wowote, akasema: "Nimekwisha kuiona kadi. Mamba wa baharini. Mgunduzi, Clement Storr."

Kamba ikalegea mkononi mwa Arnold. "Nani?"

"Kanuni ni kanuni, bwana. Wewe uliona ng'ombe."

"Shakwe hukanyaga!" mtu alipaza sauti, na wote wakacheka.

Arnold aliwatazama, nyuso nyekundu, zimelowa, zina raha. Alijua vizuri kwamba akisema kweli atakuwa amewaambia kuwa amewatoa vitandani kama samaki kwenye ndoana, kila mmoja na kiburi chake mdomoni. Wangemfukuza chamani. Lakini jina lake kwenye kadi!

"Nilijua," alisema. "Asubuhi nilijua ni kisukuku. Nilidhani mjusi-samaki. Nikawaambia ni ng'ombe ili mje kunisahihisha, maana kwa kweli msingekuja."

Kicheko kilichofuata kiliwarusha shakwe.

"Haya, sasa alijua!" alisema Beryl, akijifuta machozi. "Na yule samaki wa kukaanga pia alijua jina lake la Kilatini."

"Muulizeni Doreen! Alisikia!"

Doreen alikuwa amesimama juu ya mteremko na birika mkononi. "Nilisikia!" alipaza sauti. "Alimpigia Clement!"

"Wewe ni dada yake," wakamjibu. "Utasema nini?"

Maji yalifika kwenye vifundo vya miguu. Ubao ukaanza kuyumba. Na Beryl, ambaye mguu wake mmoja ulikuwa peku lakini akili yake haikuwa peku, akaacha kucheka, akamgeukia mwenyekiti.

"Clement. Mbona wewe hucheki?"

Clement alikuwa ameshika kamba kwa mikono miwili, akiutazama ule mdomo mrefu uliochungulia kutoka kwenye turubai. Wimbi likampiga magotini. Alitazama kule kijijini, upande wa jumba la makumbusho. Arnold alimtazama Clement. Kwa mara ya kwanza maishani mwake kweli yake yote ilikuwa mdomoni mwa mtu mwingine, tena mtu aliyewahi kubwekewa.

"Alinipigia," alisema Clement. "Akasema mjusi-samaki, kichwa kizima. Picha alinitumia. Nikamwuliza ni rangi gani ya viatu, nikarudi kulala."

Kisha sauti moja: "Kwa hiyo ametufanya mabwege sote?"

"Sote," alisema Clement. "Mimi mara mbili."

"Slipa yangu!" alilia Beryl, na ikawa vigumu kujua kama analia au anacheka, mpaka alipomtandika Arnold mgongoni kwa ile iliyobaki. "Shetani wewe! Na bado ulikosea! Mjusi-samaki, eti!"

"Kanuni haisemi nisikosee," alisema Arnold. "Inasema nijue."

"Inasema ajue," alikubali Clement, kama mtu anayemeza dawa. "Ni chako, Arnold. Sasa vuteni, la sivyo mgunduzi atakuwa bahari!"

Wakavuta. Wimbi kubwa lilikuja likawasukuma kutoka nyuma badala ya kuwanyang'anya, na ubao ukapanda mteremko kwa mwendo ambao hakuna aliyeutarajia, wakaangukiana wote juu ya zege, mamba katikati yao, salama salimini.

Doreen akamimina maji ya vuguvugu kutoka birikani juu ya uso ule. Matope yakateremka, yakaonekana meno, pua, jicho, yale madirisha mawili, vyote vyeusi, vyote vizima. Watu wazima walipigana vikumbo kama watoto dukani. Arnold aliweka kiganja chake kwenye pua ya mnyama na kukiacha hapo.

"Umeridhika?" Clement akamwuliza.

"Hapana," alisema Arnold, macho yakimwaka. Aligeuka kuitazama bahari iliyokuwa imekwisha kuufunika mwamba wote. "Mwenyekiti, kichwa hiki hakikuogelea peke yake. Mwili uko wapi?"

Wote wakageuka. Hakuna aliyemwambia ni mwongo. Beryl alikuwa tayari anauliza maji yatakupwa saa ngapi, na kama kuna mtu wa kumwazima viatu.