Mistari ya Mkaa

Justa, mke wa Yordani, alifika Kwedizinga amelala juu ya magunia ya chumvi ndani ya lori, na jambo la kwanza alilomfanyia mwenyeji wake ni kumtapikia mlangoni. Mwenyeji, Bi Zuena, mjane wa Kizigua mwenye ulimi mkali kuliko kiwembe, alimtazama mgeni, akamtazama Yordani aliyesimama nyuma na kofia mkononi, akasema zamani Wanyamwezi walikuwa wakipita hapa na pembe za ndovu, kumbe siku hizi wanaleta hiki. Yordani alipaswa kucheka. Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu enzi za misafara, na utani haujibiwi kwa uso mkavu. Lakini kwa aibu aliitikia tu kwa kichwa.

Alimpeleka mkewe huko kwa sababu hakuwa na pengine pa kumpeleka. Kambini kwao Mnyuzi, kwenye shamba la mkonge, Yordani alikuwa nyapara, na tangu mwaka juzi mzee wa kanisa pia. Kabla ya hapo mkewe alikuwa akipika pombe ya kuuza, na huko ndiko yalikoanzia. Mpika pombe hunywa kata ya kwanza mbele ya wateja ili wajue haina sumu. Justa aliwaonjea watu hivyo miaka kumi na miwili, kata ya kwanza ikazaa ya pili, mpaka siku moja mtungi ulikwisha kabla wateja hawajafika. Yordani alipopewa uzee wa kanisa, Justa aliacha kupika. Kunywa hakuacha. Alikula kiapo mbele ya padri mara mbili, na mara zote mbili mikono ilimtetemeka hata akashindwa kutunga uzi kwenye sindano, akarudi kunywa kwa siri ili aweze kushona. Majirani walijua nusu, nusu ya pili waliifumbia macho kwa heshima ya mumewe.

Sasa binti yao Grasiana alikuwa ameposwa na Filemoni, mwana wa Filomena wa Kilole. Filomena alikuwa mama wa misheni asiyetaka hata harufu ya pombe ipite mbele ya nyumba yake, na alikwisha sema wazi kwamba mwanawe hataoa kwenye nyumba ya walevi. Harusi ilipangwa baada ya mavuno. Kambini watu waliambiwa Justa amekwenda Kwedizinga, Handeni, kumuuguza mtani wake.

"Mtani ndiye anayekuchimbia kaburi ukifa," Yordani alimwambia mkewe njiani. "Basi na hili atubebee."

Justa alitarajia kufungiwa ndani na kupewa mizizi michungu. Badala yake Bi Zuena alimuuliza anakunywa kiasi gani kwa siku. Justa akataja.

"Ongeza na ulichoficha," Bi Zuena akasema.

Akaongeza. Ndipo yule mjane alipochukua kibuyu, akakichora mistari saba kwa mkaa, kutoka shingoni hadi karibu na kitako. Alieleza kwamba pombe haifukuzwi kama mbwa, husindikizwa kama mgeni, hatua kwa hatua mpaka njia panda, kwa sababu ikifukuzwa ghafla huondoka na mwenye nyumba. Alisema amewahi kuona. Aliona wapi, hakusema, na Justa hakuuliza. Alichofanya Justa ni kumwapisha kwamba hatamweleza mtu yeyote, hata jirani wa ukuta kwa ukuta, na Bi Zuena akaapa.

Basi kila alasiri Bi Zuena, mwanamke wa Kiislamu aliyekuwa hajawahi kuonja pombe, alijitanda kanga yake na kwenda kwa mzee Hiza, mpika dengelua, ile pombe ya miwa. Alirudi na kibuyu mchana kweupe, kwa sababu njia ilikuwa moja. Siku nne alikijaza hadi mstari wa kwanza, siku nne hadi wa pili, na kadhalika. Alimpimia Justa kidogo asubuhi, kidogo mchana, kidogo jioni, na katikati alimnywesha uji wenye chumvi na kumpeleka shambani kupalilia mihogo. Siku za mwanzo Justa alilowa jasho akaota ndoto mbaya. Kilichomwaibisha zaidi si matapishi wala ndoto. Ni kwamba kila alasiri aliposikia nyayo za mwanamke yule uani, moyo ulimruka kwa furaha, kama mtoto aliyesikia mama karudi kutoka sokoni.

Kijiji nacho kina macho. Haikuchukua wiki mbili kabla watu hawajakubaliana kwamba Bi Zuena amepotoka uzeeni. Wanawake wakaacha kuazima kinu chake. Na Justa, aliyeishi mle ndani, akageuka mtu mwema. Kisimani walimpokea debe lake, wakampa pole, wakamwambia ana moyo, si kila mtu anaweza kuacha mume na watoto kuja kumuuguza mlevi asiye hata ndugu yake.

"Ahsanteni," Justa alijibu.

Alijibu hivyo siku ya kwanza kwa kushtuka. Siku ya pili alijibu kwa makusudi, na hilo alilijua vizuri, na usiku lilimlaza macho.

Mwezi ukaisha. Mstari wa saba ukapita, kibuyu kikaning'inizwa kikiwa kikavu. Siku kumi baadaye mikono ya Justa ilikuwa imetulia kabisa, na lori la kumrudisha nyumbani lilikuwa liondoke siku moja baada ya maulidi. Kwa miaka ishirini Bi Zuena ndiye aliyeshika mwiko wa sufuria kubwa ya maulidi. Lakini jioni ya kuamkia maulidi alikuja Zamda, wifi yake, dada wa marehemu Rehani aliyekuwa mume wa Bi Zuena na aliyekufa kwa homa, kama kila mtu alivyojua. Zamda alisimama uani, hakukaa. Alisema mwaka huu apumzike, wanawake hawako radhi mkono unaobeba kibuyu upike chakula cha sherehe ya Mtume. Akitaka kusaidia, achote maji pamoja na wasichana.

"Haya," Bi Zuena alisema. Alikuwa amekwisha sugua mwiko kwa mchanga. Aliurudisha darini.

Justa aliyasikia yote akiwa ndani. Alijiona mwizi aliyeiba jina la mtu na sasa anatembea nalo.

Asubuhi aliwakuta wanawake kama kumi na tano wanachambua mchele, Zamda mbele ya sufuria na mwiko wake mkononi. Bi Zuena alikuwa anaingia na debe la maji kichwani. Justa alijua kinachomngoja. Mwinjuma, mtoto wa Zamda, alikuwa utingo wa lori la Korogwe, na kila neno la Kwedizinga lilisafiri naye bila nauli hadi Kilole, kwa Filomena. Hata hivyo akasema.

"Mlevi ni mimi. Kile kibuyu kilikuwa changu."

Wakacheka. Walicheka kwa moyo wote, wengine wakipiga makofi. Mmoja alisema huyu ndiye mtani, Mzigua akila mbuzi wa watu, Mnyamwezi hujining'inizia mifupa shingoni ili lawama iwe yake. Wakacheka tena. Justa akasikia mdomo wake mwenyewe ukianza kucheka, na kicheko kile kilikuwa kitamu. Alikuwa amesema. Wamekataa kuamini wao. Nani angemlaumu? Kesho angepanda lori, binti angeolewa, mambo yangekwisha.

Akamtazama Bi Zuena. Chini ya lile debe Bi Zuena alimtikisia kichwa kidogo sana, kumwambia acha. Ndipo Justa aliposhindwa kuacha.

"Mwaka juzi," alisema, "jirani yangu alifiwa na mume. Akanipa mtoto wake mchanga nimshike wakati wa maziko. Nilikuwa nimekunywa. Nilimwangusha, akavunjika mkono, nikasema ameanguka kitandani. Mpaka leo mama yake ananishukuru kwa kumkimbiza hospitali."

Hakuna aliyecheka. Zamda akasema kwa ukali kwamba utani una mipaka, mtu hachezei watoto.

Bi Zuena akatua debe chini, maji yakamwagika miguuni mwake.

"Hatanii," alisema. "Nilikuwa nampimia pombe, mpaka ikamwisha mwilini. Maana ukimkatia mtu kama yeye kwa siku moja, anakufa. Rehani hakufa kwa homa, wifi. Wewe unajua."

Kwa miaka kumi na minane neno hilo lilikuwa halijatamkwa. Rehani alikuwa mnywaji wa siri, na ukoo wake ulipoona aibu inakaribia kutoka nje, ulimfungia ghalani ili iishe kimya kimya. Alitetemeka, akaona siafu ukutani wasiokuwapo, na siku ya tatu alikuwa maiti. Zamda alikaa chini palepale, kwenye majivu, na nguo zake za sherehe.

"Ufunguo wa ghala ulikuwa shingoni mwangu," alisema.

Wanawake waliinamia nyungo zao. Mwishowe Zamda alinyoosha mwiko kwa Bi Zuena, bila kuinua macho, na Bi Zuena akaupokea kwa sababu vitunguu vilikuwa vinaanza kuungua sufuriani. Zamda akamwambia Justa kwamba neno hili halitapanda lori, Mwinjuma hatalipata kwake. Justa akajibu kwamba litapanda. Litakaa pembeni yake hadi Kilole, washuke pamoja, na Filomena atalisikia kutoka kinywani mwake mwenyewe, aamue atakavyo. Aliogopa sana kwa ajili ya Grasiana. Akachukua ungo, akaanza kuchambua.

Maji ya wali yalikuwa yakikaribia kukauka. Zamda akauliza polepole, "Wifi, Rehani naye angepimiwa hivyo, mstari kwa mstari, angekuwa hai leo?"

Bi Zuena aligeuza wali, chini ukaja juu.

"Sijui," alisema. "Siku ya tatu aliniomba funda moja tu. Nilikwenda kwa Hiza, nikaja nalo mpaka mlangoni pa ghala. Uliniambia niondoke, watu wasinione."

Zamda aliinuka, akaokota lile debe, akashika njia ya kisimani.