Barua ya Ndugu Pweza

Barua ya kwanza ya serikali kufika nyumbani kwetu iliandikwa kwa Ndugu Pweza. Mjomba aliisoma mara mbili, akaigeuza nyuma kana kwamba mwenyewe kajificha huko, kisha akanipa mimi.

"Mama, hebu soma. Huyu Pweza ni mpangaji wetu tangu lini?"

Nilicheka mpaka pini zikanidondoka mdomoni. Nashona sare za shule, na kazi yangu naifanya sebuleni, kwenye meza moja na redio koli ya mjomba. Upande huu cherehani, upande ule redio, katikati daftari. Mjomba alikuwa fundi wa simu za waya mpaka alipostaafu, na yeye na wenzake wachache, kila mmoja nyumbani kwake, wana leseni za redio ya ridhaa, yaani wanazungumza hewani kwa kupenda tu, hawalipwi. Muuza mkaa wa mtaani kwetu aliposikia jina hilo aliuliza, "Ridhaa ya nani? Mimi nimeridhia lini waya zipite juu ya paa langu?"

Huyo alikuwa anatania. Wengine hawakutania. Walisema mzee ni jasusi. Kuna mwaka polisi walipanda juu wakaing'oa antena, wakakaa nayo wiki tatu, wakairudisha fito mbili zimepinda. Mjomba alizinyoosha kwenye goti lake, moja moja. Tangu siku ile nilijua anachokitaka: karatasi yenye mhuri, iseme kwamba huyu mzee tunamjua na waya zake tunazijua.

Sasa karatasi imekuja, imeandikwa Pweza.

Ilikuwa hivi. Hewani kukiwa na mikwaruzo, nne na nane ni kama mapacha, huwezi kuzitofautisha. Kwa hiyo wao wana namna yao. Nne wanasema "nne ya meza", kwa sababu ya miguu. Nane wanasema "nane ya pweza", kwa sababu ya mikono. Mwaka huu mto ulipofurika, daraja likasombwa, minara ya simu ikazimika, mjomba kwa betri ya gari alipokea ujumbe wa zahanati ya ng'ambo na kuupeleka ofisi ya maafa, siku nne mfululizo. Mara moja alisema, "Zahanati inaomba dripu, katoni nane ya pweza." Karani wa huko akaandika: dripu, katoni nane, mwombaji Pweza. Dripu zilifika, nashukuru. Taarifa ikapanda juu kwa wakubwa, ikashuka ikiwa barua: Ndugu Pweza atambuliwe rasmi katika mawasiliano ya dharura, afisa atakuja Alhamisi asubuhi kukagua kituo na kumpima mpokeaji.

Neno "kumpima" ndilo lililotukata kicheko.

Sikio la kushoto la mjomba lilikufa zamani. La kulia lilianza kulifuata mwaka huu. Hakuniambia. Niliona mwenyewe, kwa jinsi alivyoanza kukubali kila anachoambiwa. Ukimwambia mvua inakuja, anasema sawa. Ukimwambia chumvi imekwisha, sawa. Wakati wa mafuriko mimi ndiye niliyesikiliza, nikaandika kila neno, nikamsogezea daftari, naye akasema hewani. Sauti yake, leseni yake, masikio yangu. Hatukuwahi kulizungumza.

"Alhamisi utakaa jikoni," aliniambia.

"Mjomba, lakini..."

"Jikoni. Nikikwama nitajua mwenyewe."

Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, viatu vya mpira, mkoba begani, faili kwapani.

"Shikamoo, mzee. Ndugu Pweza?"

"Marahaba. Pweza yuko baharini, binti yangu. Mimi ndiye unayenitafuta."

Akaelezwa, akacheka hadi akavua miwani kufuta macho. Nilipenda kicheko chake, nikajua huyu si mtu mbaya. Nikaogopa zaidi. Mtu mbaya ukimdanganya huumii.

Alikagua leseni, betri, waya unaotoka dirishani. Akafungua daftari.

"Mwandiko mzuri sana huu, mzee."

Mjomba akasema, "Sawa."

Nyuma ya pazia la jikoni nilishika ukingo wa sinki.

Kipimo kilikuwa chepesi. Karani wa ofisini atatuma ujumbe alioutunga mwenyewe, mjomba auandike na kuurudisha neno kwa neno. Afisa naye alitoa kijitabu chake aandike. Redio ikakwaruza. Karani aliongea kama mtu mwenye karanga mdomoni: "Shule ya ng'ambo inaomba ndoo nane, turubai nne, ova."

Niliisikia yote, hadi "ova" ya kumaliza zamu. Kutoka jikoni.

"Rudia, ova," mjomba akasema.

Akarudia.

"Rudia tena, polepole, ova."

Akarudia, safari hii kwa hasira, jambo ambalo halisaidii kitu. Kwa upenyo wa pazia niliona penseli imesimama juu ya karatasi. Alikuwa ameandika shule, ndoo, turubai. Mahali pa tarakimu palikuwa peupe. Angeweza kubahatisha. Namba zenyewe mbili tu. Nilimwombea abahatishe, Mungu anisamehe.

Akaiweka penseli mezani.

"Sikusikia," alimwambia afisa. "Naweza kukuandikia namba, na labda ikawa ndiyo. Leo ni ndoo. Siku nyingine ni dawa ya mtoto." Kisha akapaza sauti. "Mama! Njoo ukae."

Nikatoka na mikono imelowa. Nikakaa kwenye kiti changu, nikabonyeza kitufe huku yeye akinitazama. Nilikwisha kusikia, lakini hewani namba lazima ihakikishwe. "Ndoo nne ya meza au nane ya pweza? Ova."

Karani akajibu, "Hatuna pweza hapa, ova."

Afisa alininyang'anya kipaza sauti. "Wewe! Ndoo ngapi? Hesabu moja moja!"

Karani akahesabu, kwa unyonge, mpaka nane. Nikamwona afisa akikata tarakimu kwenye kijitabu chake na kuandika upya. Alidhani sikuona.

"Kwa hiyo wakati wa mafuriko," akasema taratibu, "aliyepokea ni nani?"

"Huyu," mjomba akajibu. "Mimi nilisema tu."

"Fomu yangu ina mstari mmoja wa mpokeaji, mzee. Nikikuandika wewe, siku ya shida nitakutegemea hata ukiwa peke yako."

Mjomba aliangalia mikono yake. Nilitaka kuongea nikajizuia, kwa sababu neno lile lilikuwa lake.

"Nikiwa peke yangu usinitegemee."

Afisa akafunga faili. Hakuandika jina. Mjomba akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa mzigo wake mwenyewe. Mhuri aliousubiri miaka yote ulikuwa ndani ya mkoba ule, hatua mbili kutoka alipokaa.

Mlangoni, akivaa viatu, afisa akanigeukia. "Wewe una leseni?"

"Sina. Shule yangu ni darasa la saba."

"Sikuuliza shule. Mtihani upo baada ya wiki sita. Sheria, umeme, na kupokea. Ukifaulu, nitarudi kusajili kituo chenye watu wawili, yeye msemaji, wewe mpokeaji. Usipofaulu, sina cha kusajili hapa."

"Umeme siujui."

"Umeme niachie mimi!" mjomba akadakia. Hilo alilisikia vizuri.

Gari la afisa halijafika kona, mjomba alikwisha kusukuma cherehani yangu ukutani na kuchora betri nyuma ya bahasha. Nilikuwa na sketi kumi na tisa za kupinda, mwenyewe anazifuata jioni. Nikamwambia.

"Sawa," akasema.

Nikahamia upande wake wa kulia, nikarudia kwa sauti kubwa, wazi, kama tunavyorudia hewani. Akacheka kidogo.

"Basi pinda, mama. Mimi nitaongea, wewe sikiliza."

Nikawasha cherehani polepole, nisimkose hata neno.