Mabuti ya Casimir

Bertille alikuwa na mdomo. Mtaa mzima nyuma ya stesheni ya Kalemie ulilijua hilo, na mumewe Casimir, mbeba mizigo wa bandarini, alilijua kuliko wote. Miaka kumi na tisa aligombezwa kila jioni kwa kuacha mabuti yenye tope mlangoni. Naye alijibu, "Sawa, mama mukubwa," na kesho yake akayaacha palepale. Walipendana hivyo, nani aliwauliza?

Mwaka ule, enzi za Zaire, tulipokuwa bado tunaitana sitwayen, yaani raia, daktari aliyempima Casimir alimwita Bertille pembeni. Kansa ya ini, imeshaenea, mrudishe nyumbani. Bertille akamwambia mumewe ini limevimba tu, litashuka.

Siku iliyofuata Casimir alijikokota bandarini kuwasalimu wenzake, akarudi, akavua mabuti mlangoni. Bertille akayaokota, akayafuta tope, akayapanga vizuri.

"Pumzika, papa," akasema kwa upole.

Casimir akamkazia macho. "Kumbe nitakufa."

"Nani alikuambia?"

"Njo weye umeniambia. Leo haukugomba."

Bertille akakana, lakini sauti ilikuwa imeshamsaliti. Wiki tatu akamlisha uji kijiko kwa kijiko, huku moyoni akimchukia kwa kuondoka, na akijichukia kwa kumchukia. Asubuhi moja Casimir akamshika mkono.

"Bantu bote wananisemesha sawa maiti. Unigombeze, Bertille. Ningali muzima."

Bertille alidhani ataigiza tu. Akanyakua buti, akalirusha ukutani, na yote yakamtoka. "Muntu mubaya weye! Nimesafisha tope yako miaka yote, leo unaniachia nani? Basi enda! Enda na mabuti yako!"

Casimir akacheka hadi akashika ubavu, machozi yakimtoka. Lucie, dada wa Casimir, alikuwa amefika mlangoni na sahani ya samaki. Alisikia maneno, kicheko hakukitilia maanani.

Alhamisi Casimir akafa. Matangani Lucie akasimama mbele ya ukoo: huyu ndiye aliyemwambia ndugu yetu aende. Wakamwondoa Bertille kwenye mkeka wa wafiwa, wakabeba godoro, meza na redio. Mwenye mdomo hakuufungua. Angewaambia nini, kwamba marehemu mwenyewe ndiye aliyeomba? Nani angeamini?

Mabuti hawakuyataka. Waliyaacha mlangoni, safi kabisa, na Bertille akayapita mara tatu, akitafuta tope la kugombea.