Ghorofa ya Nne

Fundi rangi, aliyeishi na mama yake ghorofa ya chini, alikuwa jikoni akijisugua mikono kwa mafuta ya taa, kaka yake alipoingia bila hodi. Kaka huyo ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha nyumba, kilichojenga jengo lile kwa ajili ya wasio na uwezo: kodi ndogo, faida hakuna.

"Mama ahamie ghorofa ya nne," alisema. "Sera imebadilika. Vyumba vya chini tutawapangisha wenye nazo, kodi yao itengeneze paa."

"Miguu ya mama si unaijua?"

"Naijua. Lakini nikimwacha yeye nikawahamisha wengine, watasema najipendelea."

"Kumbe mama ndiye sabuni ya kusafishia jina lako!"

"Chunga mdomo wako."

"Toka kwangu."

Mama yao, aliyelala chumba cha pili, alisikia yote.

Siku ya mkutano wa chama watu walijaa pomoni. Mwenyekiti alipoanza kuisifu sera, fundi rangi akaingia amembeba mama mgongoni, akamtua kwenye kiti mbele yake.

"Huyu hapa. Mpandishe, tukuone."

Watu wakaguna. Mwenyekiti akakunja uso, akambeba mama, akashika ngazi, umati nyuma yake. Alikuwa na kiburi cha kumfikisha. Magoti ndiyo yaliyomsaliti. Ghorofa ya pili akayumba, bega la mama likagonga ukuta.

"Nitue!" mama alilia. "Nitueni nyote!"

Mwenyekiti akamtua ngazini. Mtu mmoja akacheka, wengine wakadakia. Palepale wanachama wakapitisha kwa kelele kwamba wasioweza kupanda wasihamishwe. Sera ikabaki, lakini imekatwa kucha.

Tangu hapo mwenyekiti alisalimia milango yote isipokuwa ule wa mama yake. Asubuhi moja mama alimwona akipita.

"Mwanangu!"

Akasimama. Uso ulikuwa umeanza kulainika, akainua mguu aje. Fundi rangi akawahi, akaubamiza mlango na kutia komeo.

Nyayo zikasikika zikiondoka.

"Umenitetea chumba," mama alisema, "sasa unanifunga humo."

"Alikuumiza, mama."

"Mlikuwa wawili."

Fundi rangi akachukua ndoo na brashi zake kwenda kazini. Hakuaga, wala hakuagwa.