Mununuzi wa Ndani ya Ordinateri

Vahwere alikuwa na akili nyingi. Mama yake alisema vile kwa kila mutu, na batu kwa heshima hawakuuliza ziko wapi. Tantine yake Jeannine, mwenye depo ya maharagi pale soko ya Mbunya, Bunia, alimupa chumba cha nyuma atengeneze site ya kuuzishia maharagi kwa interneti. Leo ndiyo siku ya mwisho aliyomupa. Site ikikataa kuuzisha, chumba atakipata Priscille musuka nywele, mutu mwenye kazi inaonekana na macho.

—Tantine, site ingali humu ndani ya machini, mutu wa inje haioni. Lakini niko na roboti. Inafungua ukurasa yenyewe, inanunua kama mutu. Ikinunua, site iko muzuri.

Mushale ukaanza kutembea juu ya ekrani bila mukono. Ukabonyeza maharagi ya Kpandroma, ukabonyeza «lipa». Alama ya kijani ikawaka.

—Imenunua, Tantine!

—Bila kusalimia? Bila kubishana beyi? Bila kuomba matabishi, ile nyongeza ya bure? Mununuzi wa vile nilimuona wapi? Lete mutu wa hapa!

Vahwere alicheka, kile kicheko cha mwenye kusoma. Akaandikia roboti: «Nunua kama mama wa Bunia. Usikubali beyi.» Akafungua kadirisha ka mazungumuzo, akasogezea Tantine klavye ya kuandikia, ajibu mwenyewe.

Akili nyingi, nilisema.

«Jambo mama,» roboti ikaandika. «Batoto bazima? Hii beyi ni ya maharagi ao ya ngombe?»

Tantine akavaa miwani. Akajibu na kidole kimoja: haya hayana mawe. Roboti ikasema jirani anapunguza. Tantine akaapa kama jirani anauzisha wadudu. Roboti haichoki, haina chungu juu ya moto, haina mutoto mugongoni. Tantine akapunguza, akapunguza tena, akaongeza kopo ya matabishi, akaiita «mukwe wangu».

—Tantine, ni machini, haina tumbo!

—Nyamaza weye! Niko na mununuzi!

Mwishoni roboti ikaandika: «Sawa mama, nitarudi.» Ikafunga ukurasa. Alama nyekundu: haikununua.

Vahwere akaanza kukunja nyaya zake polepole, kama mutu wa kilio.

—Unaenda wapi?

—Tantine, si imeshindwa?

—Nani ameshindwa? Hukusoma? Alisema atarudi. Beyi nilimupa, hata huko mbali Niania hataipata. Acha hiyo machini iwake!

Kesho yake asubuhi Priscille alifika na kioo chake na viti vyake. Alikuta Tantine Jeannine ameketi mbele ya ekrani, kitambaa kizuri kichwani, kopo ya maharagi juu ya magoti, tayari kuongeza. Nyuma yake Vahwere alikuwa anasimamia moto wa ordinateri, umeme usikatike, kazi yake mupya.

—Rudisha viti, mwanangu, Tantine alimwambia bila kugeuka. Hapa kuko mutu anakuja.