Mshono Ulioachwa Njiani

Mafundi watatu waliliangalia gari la mshonaji, na wote wakamwambia neno lilelile: sakafu imeliwa na kutu, lipeleke kwenye chuma chakavu. Lakini gari hilo ndilo lililombebea majora ya vitambaa na nguo za wateja. Lilikuwa limepita mikono mingi kabla ya kumfikia yeye, ila alilipenda hivyo hivyo. Akaazima mashine ya kuchomelea, akamwendea mjomba wake.

"Nifundishe, mjomba."

"Mimi sioni, mwanangu. Kazi hiyohiyo ndiyo iliyonila macho."

"Na masikio je?"

Mjomba alicheka. Masikio yalikuwa mazima.

Basi kwa wiki nzima alikaa kwenye kigoda chake uani, mgongo ukutani, akimsikiliza mpwa wake akihangaika na vipande vya bati. "Ukisikia kama mafuta yanakaanga, uko sawa. Ikianza kutema mate, umekwenda mbali na chuma. Ikinyamaza, kijiti cha kuchomelea kimenasa." Kijiti kilinasa mara nyingi hivi kwamba mshonaji alizoea kuking'oa kwa teke. Bati nalo lilitoboka kila alipokawia mahali pamoja.

"Unashona au unatoboa?" mjomba alimuuliza siku moja, bila hata kugeuza shingo.

Siku ya nane akamruhusu kuligusa gari. Waling'oa mazulia ya mbele, wakalinyanyua kwa jeki, wakaliweka juu ya stendi nne. Mshonaji akaingia chini, akajilaza chali juu ya gunia, akashusha kofia yenye kioo cheusi. Ndani ya kofia ile dunia yote ni giza mpaka mwanga wa chuma uwake, na hapo huoni zaidi ya upana wa kiganja. Alishika kiraka kwa mkono mmoja, kijiti kwa mkono wa pili. Kiraka kilikuwa kinamtetemekea. Kisha kikatulia.

Akashukuru kimoyomoyo, akachomelea kiasi cha kidole kimoja. Ndipo alipoona, pembeni mwa ule mwanga, ncha za vidole vinne zilizopenya kwenye tundu la kutu kutoka ndani ya gari. Vilikuwa vimeshikilia ukingo wa kiraka, bila glavu, mahali ambapo chuma kilikuwa chekundu. Havikushtuka.

Alifunua kofia. Tundu lilikuwa tupu.

"Mbona umeacha?" mjomba akauliza.

"Jasho limeniingia machoni."

"Na huyo anayekohoa humo ndani ni nani?"

 Mshonaji akasema hakuna mtu, mlango wa uani umefungwa, wako wawili tu.  Mjomba alikivuta kigoda chake karibu na gari, na kwa siku mbili zilizofuata hakutania tena. Mshonaji naye hakusema lolote kuhusu vidole. Aliona akisema, mashine itarudi ilikotoka na gari litaishia kwenye chuma chakavu. Kila akiwasha, kiraka kilitulia. Akajilazimisha kutazama kijiti tu.

Siku ya tatu, saa nne asubuhi, jua likiwa kali uani, alikuwa chini ya kiti cha nyuma. Mshono ulikuwa unakwenda vizuri kuliko siku zote. Akasikia mtu anagonga sakafu kutoka juu yake. Ngo, ngo, ngo. Akadhani ni bati linatanuka kwa joto, akaendelea.

"Toka," mjomba akasema.

"Bado kidogo tu, mjomba."

"Toka sasa hivi!"

Hakuwahi kumsikia akipaza sauti. Alitambaa nje akiwa na kofia usoni. Moshi mzito ulikuwa umejaa ndani ya gari: chini ya kiti cha nyuma walikuwa wamesahau kipande cha sponji, nacho kimeshika moto, shubiri moja kutoka kwenye bomba la petroli. Alifungua mlango, akamwaga ndoo mbili za maji, akafunika kwa gunia lililolowa. Kilipozimika, akakaa chini.

Mjomba alikuwa amepiga magoti. Mkono wake ulikuwa chini ya gari, unapapasa. Lami ya zamani, iliyopakwa chini ya gari kuzuia kutu, ilikuwa imeyeyuka kwa moto, na chini yake palikuwa na mshono mwingine, wa miaka mingi. Kidole chake kiliufuata mpaka ulipokatika katikati ya njia.

"Huu ni wangu," alisema. "Na hapa ndipo nilipoishia. Hata kama wamelipaka rangi nyingine, ndilo lenyewe."

Akamsimulia. Alikuwa na mwenzake kazini, waliyemwita Kobe kwa sababu hakuna kazi aliyoiharakisha. Kobe alikuwa ndani akishikilia bati, yeye chini akichomelea. Sponji likashika moto. Mlango wa nyuma ulikuwa haufunguki kwa ndani, na ile milango mingine ilizibwa na viti walivyokuwa wameving'oa.

"Aligonga. Nikadhani anapiga nyundo. Nikaendelea." Kidole chake kikarudi kwenye mshono. "Mkewe sijamtazama usoni tangu mazishi."

Walimaliza sakafu wiki ile. Safari ya kwanza ya gari ilikuwa kwenda kwa mke wa Kobe. Mwanamke mmoja mnene, mwenye mvi, alitoka kibarazani, na mjomba akamweleza yote akiwa amesimama, kofia mkononi, bila kujitetea. Mwanamke alisikiliza mpaka mwisho.

"Nilijua wewe ulikuwa chini," akasema. "Nilichotaka ni uje mwenyewe uniambie." Kisha akatazama gari. "Na huyo mwenzenu mbona hashuki?"

Mshonaji aligeuka. Kiti cha nyuma kilikuwa kitupu.

Mwanamke akashuka ngazi taratibu, akafungua mlango wa nyuma kwa nje, akaushikilia. Alisimama hapo kitambo, uso umelainika. Gari likainuka kidogo kwenye springi zake, jinsi linavyoinuka mtu mzito anaposhuka.

"Karibuni ndani," akasema, akaufunga mlango wa gari.