Neno Moja kwenye Cheti cha Boti

Jumanne ya tatu baada ya boti ya Leonardi kuzama, saa kumi na nusu jioni, Skolastika alikuwa ufukweni Ilagala akichuja mawese kwa kipande cha chandarua aliposikia boti hiyo ikifika. Injini ilipunguza mwendo pale ilipokuwa ikipunguza siku zote, ikakohoa mara mbili, ikazimika. Kamba ilitupwa. Ubao wa kushukia uligonga mawe. Majini hapakuwa na kitu.

Kisha abiria wakashuka. Zilisikika kandambili kwenye mchanga, mtu akimwambia mwenzake ashike vizuri gunia, mtoto akidai maji ya kunywa. Wanawake waliokuwa wakianika dagaa walikunja miguu kuwapisha. Mmoja wao alitoa salamu ya jioni, "Mwiriwe," akaitikiwa na watu kumi na mmoja.

Kumi na mmoja ndiyo idadi ya waliozama, pamoja na nahodha, Meshack, mume wa Skolastika. Hakuna mwili ulioonekana. Waliotumwa kuitafuta boti walishusha kamba yenye jiwe, wakaunga ya pili, wakaunga ya tatu, na kamba zote ziliisha kabla jiwe halijagusa chini.

Sauti ya Meshack ilimkuta Skolastika pale pale penye sufuria.

"Mama Catherine, leo umechelewa kuchuja."

"Chikichi zilikuwa mbichi," alijibu.

Walirudi nyumbani pamoja. Skolastika alipika ugali wa mtu mmoja, kwa kuwa sauti haikuwa na njaa, lakini ilitaka kukaa kwenye kiti chake, ikabidi aondoe nguo alizokuwa amezikunjia pale.

Haikupita wiki, kijiji kikazoea. Kwaya ya kigango ilipata tena besi ya Thobias, mmoja wa waliozama, na mwalimu wa kwaya alisema imekuwa afadhali, maana zamani Thobias alikuwa akichukua nafasi ya watu wawili kwenye benchi. Mke wa Thobias alimwuliza padri kama avue nguo nyeusi. Padri alisema ataandika barua kuuliza, na majibu hayajaja mpaka leo. Skolastika hakumwuliza mtu. Asubuhi alimsikia mumewe akipiga miayo; akinyoosha mkono, shuka lilikuwa baridi. Hakujua kama alikuwa mke au mjane, na kila alipojaribu kulia, sauti ilimwuliza ana nini.

Ndipo taarifa ya ajali ikaletwa. Mtendaji wa kijiji aliisoma mbele ya watu. Ilikuwa ya Kiswahili yote isipokuwa neno moja. Chombo kilikaguliwa mwezi mmoja kabla ya ajali, na kwenye cheti, mahali pa hali ya chombo, mkaguzi aliandika SOUND. Kwa hiyo kosa lilikuwa la nahodha.

Meshack alikuwepo mkutanoni, akasikia. Alinyamaza siku mbili, na nyumba ikawa kama zile wiki za mwanzo. Siku ya tatu, Skolastika akiwa anakoka moto, Meshack alisema:

"Ubao wa tatu ulikuwa umeoza. Nilimwonyesha Leonardi. Nikamwonyesha na mkaguzi. Alichomeka kalamu yake kwenye ubao, ikazama mpaka kwenye kifuniko."

"Na bado akaandika hivyo?"

"Sijui ameandika nini. Kiingereza mimi sijui."

Skolastika alianza kuuliza. Mwenye duka la simu alimwambia saundi ni zile spika kubwa za harusini. Mtendaji alisema ni kitufe cha kuongeza redio. Hakuona spika na redio zinahusianaje na ubao uliooza. Akaenda kwa Mwalimu Armelle, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi naye akiwa mgongoni, na ambaye alikuwa na kamusi nene isiyo na jalada.

Mwalimu Armelle alisoma, kidole chake kikishuka na ukurasa, kikapanda, kikashuka tena.

"La kwanza ni sauti," alisema. "Hilo limetoka kwa Warumi wa kale."

"Sawa."

"La pili ni kitu kizima, imara, kisicho na ugonjwa. Hilo limetoka kaskazini, kwa ndugu wa Wajerumani. Halina undugu na la kwanza."

"Lakini ni lile lile."

"Si lile lile. Ni kama wewe na yule Skolastika wa Kidahwe. Jina moja, mama mbalimbali." Aligeuza ukurasa. "La tatu ni kushusha kamba majini ili kupima kina. Hili ni la Wafaransa, hili nalifahamu hata bila kamusi."

Skolastika alikumbuka zile kamba tatu.

"Na la nne ni mahali ambapo maji yamepita katikati ya nchi mbili. Zamani sana, huko lilikotoka, lilikuwa kuogelea."

"Meshack hakujua kuogelea," alisema Skolastika.

"Najua, mama."

Nje watoto wa shule walikuwa wakifagia uwanja.

"Sasa Mwalimu, yeye aliandika lipi?"

"Yanaandikwa sawasawa yote manne. Anayejua ni yule aliyeandika."

Mwalimu Armelle alimnakilia maana zote kwenye karatasi, na Alhamisi Skolastika akafika Kigoma mjini, kwenye ofisi ya mkaguzi wa vyombo, akiwa na karatasi hiyo na mumewe. Mkaguzi aliitwa Bonaventura, mzee aliyebakiza miezi michache kustaafu. Alivaa miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo mzee," alisema Skolastika.

"Shikamoo," alisema Meshack.

"Marahaba. Marahaba," alijibu mzee Bonaventura, akaagiza kiti cha pili.

Meshack alieleza habari ya ubao na kalamu. Alieleza vizuri, bila hasira, siku na saa, na mzee Bonaventura aliitikia kwa kichwa. Alikumbuka. Alitoa hata ile kalamu, iliyobaki na doa jeusi la ubao mbovu. Kisha akasema ushahidi huo ni mzito, na kwamba ili uingie kwenye jalada, shahidi atie saini.

"Sina mkono," alisema Meshack.

"Basi alama ya kidole."

"Sina."

"Hapo ndipo ugumu ulipo," alisema mzee Bonaventura, na alionekana kusikitika kweli.

Skolastika akafungua karatasi yake. "Mzee, katika haya manne, wewe uliandika lipi?"

Mzee Bonaventura alisoma la kwanza, la pili, la tatu, la nne. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. "Kumbe ni mengi hivi," alisema.

"Uliandika lipi?"

"Mama, nisikudanganye. Nilipoanza kazi, mkaguzi aliyenitangulia alinionyesha pale pa hali ya chombo akaniambia, hapa andika hivi. Nikaandika. Miaka ishirini na sita naandika. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Hukujua?"

"Nilidhani ni kama amina."

Aliomba kuinakili karatasi hiyo, akaandika polepole kwa kalamu ile ile. Alipofika mwisho alirudi juu, akatulia pale, na uso wake ukapata nafuu kama wa mtu aliyekumbuka alipoweka funguo.

"Boti huwa inafika Ilagala?" aliuliza.

"Kila Jumanne," alisema Skolastika. "Saa kumi na nusu."

"Ikiwa na abiria?"

"Tunafika wote," alisema Meshack, aliyekuwa mtu mkweli.

"Na inapofika, ni nini kinachofika?"

Skolastika hakuelewa anakopelekwa. Alisema, "Sauti."

Mzee Bonaventura aliweka alama mbele ya maana ya kwanza, akaandika kwenye jalada: cheti kilieleza hali ya chombo kwa usahihi; chombo kinaendelea na safari; abiria wote wanafika. Akapiga muhuri. Skolastika aliuliza kama basi kosa la mumewe limefutwa. Mzee alipekua kurasa, akasema hapana, kosa la nahodha liko kwenye taarifa ya ajali, na taarifa ni jalada jingine, la ofisi nyingine. Aliwasindikiza mpaka mlangoni, akamsaidia mama kushuka ngazi, kisha akampisha Meshack.

Njiani Skolastika alijaribu kuyapanga maneno manne kichwani, ili ajue ni lipi kati yao lililomzamisha mumewe. Kila alipolishika moja, jingine lilichukua nafasi yake.

"Nimeongea vibaya?" aliuliza Meshack.

"Umeongea vizuri."

Masika yalipoanza barabara ikageuka tope, na Leonardi akaleta boti nyingine, iliyopakwa rangi ya bluu mpya. Mzee Bonaventura alikuja mwenyewe kuikagua. Aligonga mbao, akachomeka kalamu mahali pamoja, akaichomoa, akaifuta kwenye suruali. Safari hii, kabla ya kuandika neno lake, aliwasomea watu maana zote nne kwa sauti, na watu walimshukuru kwa kuwaelimisha.

Jumatano ilikuwa siku ya soko Mwanga, kule Kigoma mjini. Skolastika alipanda pamoja na wengine ishirini na watatu, kwa sababu mawese yalikuwa yameanza kuganda na njia nyingine haikuwepo. Leonardi mwenyewe alishika usukani. Watu walipokwisha kukaa, sauti ya Meshack ilisikika kutoka nyuma, penye injini.

"Mama Catherine, hamia upande wa kulia. Huo ubao hapo chini yako unapitisha maji."

Skolastika akahamia upande wa kulia. Waliokaa karibu naye walikuwa wamesikia, nao wakahama. Wa mbele wakawaona, wakahama pia, boti ikalala upande mmoja mpaka maji yakachungulia ukingoni.

"Jamani, mtatuzamisha," alisema Leonardi. "Kaeni sawasawa."

Wakatazamana. Kisha mmoja mmoja wakarudi kushoto, nusu yao, wakakaa pale walipokuwa wamekaa mwanzo, na boti ikasukumwa kutoka ufukweni.